Dipresheni ya kwanza huwa na sababu, ya pili yaja yenyewe. Kweli, au daktari ametubabaisha?

#1 Kibokoni_Kwetu
Salaam wote. Swali langu si la mzaha, kwa hivyo wenye vichekesho ngojeni ukurasa wa pili.

Dada yangu mkubwa auza mahamri na mbaazi Majengo. Mwaka 2021 mumewe alimtumia talaka kwa simu, maandishi ya mistari miwili. Tukadhani amelipokea. Wiki ya tatu mama akaenda kwake alfajiri, akamkuta amekaa juu ya mbuzi, nazi imekunwa nusu, unga umeumuka ukafura ukamwagika karai mpaka sakafuni. Yeye autazama tu. Hakuwa akilia. Akamwambia mama, "Nimesahau kinachofuata." Mtu aliyepika mahamri miaka 15!

Tukampeleka hospitali, akapewa dawa, miezi minne akarudi sawa, dawa akaziweka kabatini. Mwaka huu Shaabani, hakuna aliyekufa, hakuna deni, biashara yaenda, watoto wazima, jambo likarudi lile lile. Daktari akasema mara ya kwanza aghalabu huhitaji pigo kubwa, lakini zinazofuata huhitaji pigo dogo zaidi na zaidi, mwisho hazihitaji kitu. Mjomba asema huyo daktari hajui, ameshindwa kupata sababu akatunga.

Kuna ajuaye utafiti wa jambo hili?

#2 Nahodha62
Pole sana. Natandika mkeka hapa, nasoma.

#3 Takwimu_Tupu
Daktari hakutunga. Wazo hilo lina umri mkubwa kuliko wengi humu. Mwaka 1992 Robert Post wa Marekani aliandika kwamba ugonjwa wa hisia hujifundisha njia ndani ya ubongo. Aliazima wazo kwa Goddard, ambaye miaka ya 1960 alikuwa akiwapa panya umeme mdogo ubongoni kila siku. Siku za kwanza panya hana habari. Baada ya siku kadhaa umeme ule ule, haujaongezwa, wamwangusha kifafa. Ukiendelea sana, wengine huanguka bila kuguswa.

Mfano wa kwetu ni jiko. Makaa mabichi yataka mafuta ya taa, yataka kupepewa mpaka mkono uume. Kaa lililowahi kushika moto jana lataka cheche tu.

Post alikuwa na wazo. Aliyelipima kwa watu ni Kenneth Kendler na wenzake, mwaka 2000, kwa mapacha wanawake wa Virginia, Marekani. Waliona uhusiano kati ya pigo la maisha na kuanza kwa ugonjwa ukilegea kila ugonjwa ulivyozidi kurudi, mpaka kama mara ya tisa hivi, halafu mteremko ukakoma. Kwa hivyo maneno ya daktari wako yana mizizi.

#4 Mtu_Wa_Bara
Nimesoma yote, nimebaki na swali moja: hayo mahamri yako Majengo upande gani?

#5 Muuguzi_Likoni
@Mtu_Wa_Bara uliambiwa ungoje ukurasa wa pili.

Mleta uzi, kabla ya panya wa Takwimu, turudi kwenye kabati. Umesema dada alipona baada ya miezi minne akaacha dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea miezi 9 hadi 12 BAADA ya kupona, si tangu kuanza. Hilo pekee laweza kueleza mengi bila kaa wala jiko. Wagonjwa wengi hufanya hivyo, na si ujinga. Mtu akijisikia vizuri aona kumeza kidonge ni kama kubeba mwavuli kiangazi.

Na msimlazimishe arudie dawa za zamani za kabatini. Arudi kwa daktari.

#6 Bi_Mkubwa_Majengo
Mimi nazungumza kama mtu mzima. Mwanamke aachwa kwa mistari miwili, wiki tatu hataki kupika. Ugonjwa uko wapi? Nilipofiwa na marehemu nilikaa eda miezi minne na siku kumi, nilikuwa silali, sili, mikono mizito hata tasbihi yanishinda. Laiti daktari angepita siku ile angeniandikia vidonge gunia zima. Nikatoka eda, nikaoga, nikavaa, nikaanza upya. Siku hizi kila huzuni ina jina la kizungu.

#7 Fundi_Wa_Marikiti
Bi Mkubwa shikamoo. Ulilosema wenyewe wamelipigania kweli kweli. Kitabu cha Wamarekani cha kuainishia magonjwa ya akili zamani kilisema aliyefiwa asihesabiwe mgonjwa miezi miwili ya mwanzo, isipokuwa hali iwe mbaya sana. Mwaka 2013 toleo la tano likaufuta msamaha huo. Kina Kendler huyo huyo walionyesha kwamba dipresheni ya aliyefiwa na ya aliyeachwa au kufukuzwa kazi zafanana mno, kwa nini mmoja asamehewe? Upande wa pili Jerome Wakefield akajibu: basi msamehe wote wawili, mwaigeuza huzuni ya binadamu kuwa maradhi.

Mimi niko na Wakefield nusu. Nusu nyingine iko na yule dada kwenye mbuzi.

#8 Bi_Mkubwa_Majengo
Marahaba baba. Miezi miwili! Sisi tulipewa minne na siku kumi kabla hao hawajajua kuandika kitabu.

#9 Dar_Mkuu
Wakuu wa Mombasa, hongereni kwa uzi mzuri, ila tuwekane sawa: neno ni SONONA. Dipresheni ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Na kwa mleta uzi, utafiti unaonesha sonona ikishaingia mara moja lazima irudi, jiandaeni kisaikolojia.

#10 Takwimu_Tupu
@Dar_Mkuu hapana, na usiwatie watu hofu. Baltimore, Marekani, walifuatilia raia wa kawaida, si wagonjwa wa hospitali, kwa miaka 23, matokeo yakatoka 2008. Kati ya walioshikwa kwa mara ya kwanza ndani ya muda huo, takriban nusu hawakushikwa tena. Kama asilimia 15 ndio hawakupata hata mwaka mmoja wa nafuu. Hiyo "lazima irudi" yatoka kwa madaktari wa hospitali kubwa, ambao humwona anayerudi na hawamwoni aliyepona akaenda zake. Ni kama kuuliza mlango wa kaburini watu wangapi wamepona malaria.

Uholanzi nako walihesabu muda wa tukio jipya: nusu ya watu walikuwa wametoka ndani ya miezi mitatu, na mmoja kati ya watano bado yumo baada ya miaka miwili.

#11 Taa_Ya_Koroboi
Sonona kwetu ni kitenzi cha moyo, husononeka aliyeudhiwa. "Unyogovu" wa redioni ndio mbaya zaidi, wamfanya mgonjwa aonekane mvivu. Mimi nasema dipresheni na mama yangu hunielewa.

#12 Dar_Mkuu
Sawa @Takwimu_Tupu nakubali, nimefuta "lazima". Ila kwenye sonona sikubali.

#13 Feri_Ya_Saa_Nne
Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Leo naandika.

Nilikuwa kazi ya kutoa mizigo bandarini. 2019 makontena yalipohamia kwenye reli, ofisi yetu ikapunguza watu na mimi nikiwemo. Sikumwambia mke wangu. Kila asubuhi navaa shati, natoka Likoni, napanda feri. Mtu wa miguu halipi, mwajua. Nafika upande wa kisiwani, sishuki, narudi. Naenda, narudi, mpaka adhuhuri. Wiki ya pili muuza korosho akaanza kunipa kijikaratasi bure, akasema, "Leo wavuka mara ngapi?" Hakuniuliza lingine.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa na sababu iliyo wazi kama jua. Lakini ninaloshangaa ni hili: tulipunguzwa watu wanane. Saba walihangaika kama binadamu, wakauza viatu, wakaendesha bodaboda. Mimi peke yangu nikawa abiria wa kudumu. Kama sababu ni kazi, mbona hao saba wazima?

Na jambo jingine. Hospitali waliponiuliza kama nilifikiria kujidhuru nilisema hapana, na nilikuwa nimefikiria. Niliogopa polisi, kwani kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilikuwa chamfanya aliyejaribu kujiua mhalifu. Mwanzoni mwa 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho chakiuka katiba. Wakati wangu haikuwa hivyo.

#14 Muuguzi_Likoni
@Feri_Ya_Saa_Nne karibu, na ahsante kwa kuandika. Huyo muuza korosho namjua kwa sura nadhani.

Wengine wanaosoma: kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Limechunguzwa sana. Mleta uzi, kama hamjamuuliza dada, muulizeni. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na asingojee siku ya kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo.

#15 Taa_Ya_Koroboi
Swali la kwa nini mmoja kati ya wanane lilijibiwa kwa sehemu London zamani. George Brown na Tirril Harris, 1978, wanawake wa mtaa wa Camberwell. Waliona pigo kubwa ndilo huleta ugonjwa, lakini aliyeangushwa zaidi na pigo lile lile ni asiye na mtu wa karibu wa kumfungulia moyo, mwenye watoto watatu au zaidi chini ya miaka 14 nyumbani, asiye na kazi ya nje, au aliyempoteza mama kabla ya miaka 11.

Ndugu wa feri, hukumwambia mkeo. Hilo la kwanza katika orodha lilikuwa lako. Sisemi kwa lawama.

#16 Feri_Ya_Saa_Nne
Na mama nilimpoteza nikiwa darasa la tatu. Sikuwahi kuviweka pamoja vitu hivyo viwili.

#17 Shehe_Mdogo
Wanabaraza, mmezunguka London na Virginia, hakuna aliyetaja lililo mdomoni mwa kila mama wa Majengo. Jini. Mimi husomea watu, na sitamficha mtu. Wanaokuja kwangu na hali kama ya huyu dada ni wengi kuliko wanaokwenda kliniki, kwa sababu mimi niko karibu na sina foleni. Kuna niwasomeao wakatulia. Kuna niwasomeao Ijumaa tatu hawatulii, hao nawaambia nendeni hospitali, na kisomo kiendelee. Aniambiaye viwili hivyo havikai nyumba moja amwulize mgonjwa.

Na kwa nini mara ya pili huja bila sababu? Watu wetu wana jibu: mgeni aliyeijua njia ya nyumba hahodishi.

#18 Takwimu_Tupu
Shehe, hiyo sentensi yako ya mwisho ni Robert Post mtupu. Mmekutana bila kujua.

#19 Mtu_Wa_Bara
Sasa naongea kwa uzito, msinifukuze. Nilisoma kuhusu picha za ubongo. Kuna kundi la watafiti liitwalo ENIGMA, mwaka 2016 walikusanya picha za wagonjwa 1,728 na wazima 7,199. Kile kipande cha kumbukumbu, hipokampasi, kilikuwa kidogo kwa wagonjwa. Lakini, na hapa ndipo nilipokaa sawasawa kitini, kwa walio katika tukio la KWANZA hakikuwa na tofauti na cha wazima. Tofauti ilikuwa kwa waliorudiwa na walioanza wakiwa wadogo. Yaani ubongo huingia ukiwa mzima ukatoka na kovu. Hiyo yaunga mkono daktari.

#20 Fundi_Wa_Marikiti
Au hao wanaorudiwa walikuwa na hipokampasi ndogo tangu awali, ndiyo maana wanarudiwa! Picha moja haikwambii kuku alitangulia au yai. Ili kujua kovu ungempiga mtu picha kabla, katikati na baadaye.

#21 Takwimu_Tupu
Fundi leo umeamka vizuri. Na kuna la tatu, lenye pilipili. Uchina walikusanya data za makundi 25 ya utafiti, wagonjwa 1,300, matokeo yakatoka 2019. Waliangalia jinsi sehemu za ubongo zinavyosemezana mtu akiwa amepumzika, ule mtandao unaofanya kazi tukiwa katika mawazo yetu. Kwa waliorudiwa mawasiliano yalikuwa yamepungua. Kwa wa mara ya kwanza ambao hawajaonja dawa, hayakupungua. Utasema hilo ndilo kovu. Lakini upungufu ulikwenda na matumizi ya dawa, si na muda wa kuugua. Basi ni kovu la ugonjwa, au ni alama ya dawa, na kama ni ya dawa, ni nzuri au mbaya? Hapo kila mtu atoka na lake.

#22 Bi_Mkubwa_Majengo
Nilijua! Dawa!

#23 Muuguzi_Likoni
Bi Mkubwa, tafadhali. Hajasema dawa zadhuru. Amesema picha za waliotumia dawa zatofautiana. Hata mguu uliofungwa plasta huonekana tofauti na usiofungwa.

#24 Dar_Mkuu
Kinachonikera ni kwamba bibi kama Bi Mkubwa ndiye dawa yenyewe. Harare wana mabenchi ambapo bibi waliopewa mafunzo hukaa na watu, jaribio lao la watu 573 lilichapishwa 2016 na watu walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hata ugonjwa wanauita kwa Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Hawakusema dipresheni. Nasema tu.

#25 Bi_Mkubwa_Majengo
Benchi ninalo, liko barazani. Kahawa pia ipo. Huyo dada aletwe.

Ila mimi nina swali ambalo nyote wasomi hamkuuliza. Kijana, wasema mara hii "hakuna kitu". Nani kasema hakuna? Yeye au wewe?

#26 Takwimu_Tupu
Hilo swali la Bi Mkubwa lilichapishwa kitaalamu 2005, Monroe na Harkness. Walisema wazo la Post lina tafsiri mbili na watu huzichanganya. Moja: baadaye ugonjwa hauhitaji pigo lolote. Nyingine: baadaye pigo DOGO latosha. Ni vitu tofauti kabisa, na tafiti nyingi zilihesabu mapigo makubwa tu, talaka, kifo, kazi. Kama pigo ni dogo halimo katika fomu, utaandika "hakuna".

Na Kendler alirudi 2001 akaongeza chumvi: wenye urithi mzito wa ugonjwa huu waweza kuangushwa na kidogo tangu mara ya kwanza kabisa. Kana kwamba kaa lao lilikuja dukani limeshawaka. Urithi kwa jumla hukadiriwa kama asilimia 37 kutoka tafiti za mapacha, kwa hivyo msikimbilie kulaumu damu peke yake.

#27 Kibokoni_Kwetu
Ahsanteni nyote, sikutegemea uzi ufike hapa. Bi Mkubwa, nilisema mimi. Yeye sikumuuliza. Naona haya kuandika hivyo.

Jana baada ya Isha nilikwenda kwake. Nilianza na la Muuguzi, nikamuuliza waziwazi, akasema hapana, amechoka tu, amechoka mpaka ulimi. Keshokutwa twarudi kwa daktari, na dawa za kabatini nimezichukua.

Halafu nikamuuliza kama kuna lililotokea Shaabani. Kimya kirefu. Akasema mama wa yule mume alipita kibandani asubuhi moja, akanunua mahamri mawili kama mteja yeyote, akalipa, akaondoka. Hakumsalimia. Mwanamke aliyekuwa akimwita "mwanangu" miaka 11. Ndilo hilo tu. Akasema, "Alihesabu chenji." Akalirudia: alihesabu chenji.

Na la pili, ambalo sikulijua mimi wala mama. 2021 haikuwa mara ya kwanza. Alipokuwa kidato cha pili shule ya bweni, muhula mzima alikuwa hivyo hivyo, hali chakula, hasikii kengele, walimu wakamwita mvivu. Nyumbani alituambia ni tumbo.

#28 Fundi_Wa_Marikiti
Lo. Basi uzi wote umeanza kuhesabu kutoka mbili.

#29 Takwimu_Tupu
Na hilo si la dada peke yake. Dunedin, New Zealand, wamewafuata watoto waliozaliwa mwaka mmoja tangu wakiwa wachanga. 2010 walionyesha kwamba ukiwauliza watu mara kwa mara maishani unapata magonjwa haya mara mbili ya unayopata ukiwauliza mara moja ukubwani wakumbuke. Watu husahau, au huita tumbo. Kwa hivyo kila utafiti wa "tukio la kwanza", ukiwemo wa picha za @Mtu_Wa_Bara, una wa kwanza ambao si wa kwanza.

Lakini angalia: hata ukihesabu upya, mapigo yake bado yamepungua ukubwa kutoka talaka hadi chenji. Post bado yuhai.

#30 Taa_Ya_Koroboi
Mimi sioni chenji kuwa ndogo. Wewe mpimaji ndiye waona ni shilingi. Kwa Brown na Harris uzito wa tukio hupimwa kwa maisha ya mtu huyo, na hapo mama mkwe amemaliza talaka ambayo mwanawe aliianza. Hiyo ni talaka ya pili.

#31 Shehe_Mdogo
Na jini wa bweni hamkumtaja, shule za bweni zimejaa.

#32 Feri_Ya_Saa_Nne
Kibokoni, mwambie dada kuna mtu Likoni amesoma habari za chenji akanyamaza dakika kumi.

#33 Dar_Mkuu
Kidato cha pili, talaka, chenji. Kwa hiyo sonona tatu, si mbili.

#34 Taa_Ya_Koroboi
Dipresheni tatu.

#35 Mtu_Wa_Bara
Ukurasa wa pili tumefika. Kibanda kimefungwa?

#36 Kibokoni_Kwetu
Apika mama kwa sasa. Magumu kama kokoto. Usije.